Ndagala, dagaa na ile L niliyoikata

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana, kila kijana anaandika ukurasa mmoja kuhusu maisha ya nyumbani kwao, halafu mimi nabeba madaftari kwenda kusahihisha. Mwaka jana msichana mmoja wa miaka 14 aliandika hivi: "Siku ile tulikuwa na njala, mama akapika ndagala." Mimi na diploma yangu ya sekondari nikaona makosa mawili. Nikachukua kalamu nyekundu. Njala nikaigeuza njaa, ndagala nikaigeuza dagaa, na pembeni nikaandika: "Tumia Kiswahili sanifu." Nikajiona nimefanya kazi.

Jumamosi iliyofuata alileta ukurasa mpya, msafi, mwandiko mzuri. Sentensi ile sasa ilisema: "Siku ile tulikuwa hatujakula, mama akapika samaki wadogo." Njala imeondoka na njaa haikuingia. Ndagala wameondoka na dagaa hawakuingia. Nikamuuliza, mbona hukuandika kama nilivyosahihisha? Akaangalia chini, akasema, "Kaka, ya kwetu ni makosa, na ile ingine sijaizoea. Nimeogopa kukosea tena."

Jibu hilo lilinisumbua, maana mimi mwenyewe nyumbani nasema ndagala. Mama yangu anasema ndagala. Neno dagaa nililipata sokoni na kwenye vitabu. Basi nikaanza kuuliza watu na kusoma, nijue kama kweli yale yalikuwa makosa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nianze na ziwa, kwa sababu wengi wetu tuliozaliwa hapa tunalijua kwa magunia tu. Kambi hii ilifunguliwa 1996, wakati vita vilipowatoa watu wa Fizi, Uvira na kwingineko, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Mimi nilizaliwa baadaye, hapahapa Kasulu. Harufu ya ndagala naijua toka utoto, lakini mchanga waliokaukia sijawahi kuukanyaga.

Kuna papa mmoja jirani yetu ambaye kabla ya vita alikuwa mvuvi upande wa Ubwari. Jioni moja nikaenda kukaa naye.

"Papa," nikamwambia, "kwa nini sisi tunasema ndagala na wenyeji wanasema dagaa?"

Akacheka. "Weye mwana, unauliza jina mbele ya kujua samaki. Ndagala haiko samaki moja. Iko hii ya kidogo kabisa, nyembamba, inang'aa kama sindano. Halafu iko lumbu, ile iko na mwili. Sisi wavuvi tunazijua hata gizani, kwa mkono. Wenye kununua banasema ndagala tu, basi."

Akanieleza kazi yenyewe. Ndagala huvuliwa usiku, na usiku mzuri ni ule usio na mwezi. Zamani za babu yake waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, samaki wakakusanyika kwenye mwangaza, mtu akawachota kwa lusenga, ule wavu wa duara wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja karabai, taa za mafuta za kupiga pampu. Halafu watu wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili, wakashusha wavu mkubwa chini ya taa, wakaupandisha ukiwa umejaa. Siku hizi vijana wanatumia taa za betri na za sola. "Mwezi ikiwa kubwa," alisema, "tunalala. Taa yako ni nini mbele ya mwezi?"

Sababu yake ni rahisi. Ndagala anakula vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini, na mwangaza huvivuta vijidudu pamoja na samaki wenyewe. Mwezi ukiangaza ziwa lote, taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuita.

Nilipoangalia vitabu nikakuta papa yuko sawa, ni samaki wawili. Mdogo anaitwa na wanasayansi Stolothrissa tanganicae, urefu wake mwisho kama sentimita 10, na maisha yake ni kama mwaka mmoja. Lumbu, wengine husema lumpu, ni Limnothrissa miodon, anaweza kufika sentimita 17. Wote wawili asili yao ni Ziwa Tanganyika peke yake. Wote ni wa ukoo wa sadini, wale wa kwenye kopo, ukoo ambao sehemu yake kubwa inaishi baharini. Viumbe wa ziwa letu wanaofanana na wa baharini waliwashangaza wazungu wa kwanza waliolichunguza, mpaka J. E. S. Moore akaandika kitabu kizima mwaka 1903 akidai kwamba ziwa lilikuwa zamani mkono wa bahari. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika baadaye umeonyesha njia nyingine: mababu wa samaki hawa waliingia Afrika kutoka upande wa Atlantiki, mamilioni ya miaka iliyopita, wakazoea maji baridi ya huku ndani. Yaani hata ndagala wetu ni mtu wa kuja. Amekaa tu muda mrefu mpaka kila mtu anamwita mwenyeji.

Sasa tuje kwenye jina.

Nilichukua karatasi nikaandika ile njala niliyoikata kwa yule msichana. Halafu nikazunguka kwa majirani. Mama mmoja Mrundi, wale waliokuja 2015, nikamuuliza njaa kwa Kirundi ni nini. Akasema inzara. Na njia? Inzira. Na kulia machozi? Kurira. Nikaenda kwa mtu anayejua Lingala. Njaa ni nzala, njia ni nzela, kulia ni kolela. Kibemba cha Zambia, kule mwisho wa ziwa upande wa kusini, njaa ni insala, njia ni inshila, kulia ni ukulila. (Kibemba, siyo Kibembe, ndugu zangu wa Fizi msinipige.)

Tazama mwenyewe. Inzara, nzala, insala, na njala ya kwetu. Kila mahali katikati kuna L au R. Kiswahili sanifu peke yake ndicho kinachosema njaa, A mbili zimekaa pamoja kama nyumba iliyobomolewa ukuta wa katikati. Inzira, nzela, inshila, lakini sanifu ni njia. Kurira, kolela, ukulila, lakini sanifu ni kulia. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanalijua jambo hili siku nyingi: Kiswahili cha pwani kilidondosha L iliyokuwa katikati ya irabu mbili, katika maneno mengi sana. Ndiyo maana Wakongo tunasema kufungula na sanifu inasema kufungua. Hatukuongeza L sisi. Wao ndio waliiacha njiani.

Basi weka ndagala kwenye mstari huohuo. Kirundi ni indagara. Ng'ambo ya ziwa ni ndagala, na Kinshasa utasikia ndakala. Sanifu ni dagaa, na mwisho wake zile A mbili. Ukijua habari ya njala na njaa, huhitaji mwalimu wa kukwambia kwamba kati ya zile A mbili za dagaa palikuwa na L. Alama ya kidonda bado iko pale.

Kuna na ushahidi wa maandishi. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alifika Ujiji akimtafuta David Livingstone. Kitabu chake kilitoka 1872, na ndani yake anaeleza soko la Ujiji na watu waliokuja kuuza: wavuvi kutoka Ukaranga na hata kutoka Urundi, wakiwa na samaki wadogo ambao, anasema, wao wanawaita dogara. Stanley hakuwa na sikio zuri la lugha zetu, hiyo O ni yake. Lakini R aliisikia. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, pale Ujiji, mji ambao leo umeungana na Kigoma na kila mtu anasema dagaa, wauzaji wenyewe walikuwa wanalitamka jina lenye R katikati, ndugu kabisa wa ndagala.

Kwa nini basi dagaa ikashinda? Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikipitia Tabora. Watu wa pwani walikuja na Kiswahili chao, na kule pwani dagaa ni jina la samaki wadogo wa baharini, mpaka leo wapo wanaoitwa dagaa mchele. Baadaye reli kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma 1914, na mwaka uliofuata reli ya Wabelgiji ikafika ziwani upande wa pili, mji tunaouita leo Kalemie. Samaki mkavu ni mwepisi, haozi upesi, gunia moja linalisha watu wengi. Akapanda treni kwenda migodi ya Katanga, na kwa barabara za kusini akaenda migodi ya Zambia. Kila alikofika alipewa jina la huko. Halafu mwaka 1930 serikali ya Waingereza iliunda kamati ya kusanifisha lugha, na iliyochaguliwa kuwa msingi ni Kiunguja, lugha ya kisiwani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ujiji. Kuanzia hapo kitabu cha shule kikasema dagaa. Sina ugomvi na kitabu. Lugha moja ya pamoja imetusaidia sana, hata gazeti hili Mrundi na Mkongo na Mtanzania wanalisoma wote kwa sababu hiyo. Ninachosema ni kwamba dagaa ni umbo jipya na ndagala ni umbo la zamani, na mimi niliikata ya zamani kwa kalamu nyekundu nikiiita kosa.

Majina ya huyu samaki hayakuishia hapo, na safari zake pia. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji waliwachukua watoto wa samaki hawa kutoka Tanganyika wakawamwaga Ziwa Kivu, ambako hapakuwa na samaki wa kukaa katikati ya ziwa. Lumbu ndiye aliyeshika maisha. Watu wa Bukavu na Goma wanamwita sambaza, Wanyarwanda isambaza. Kwa hiyo ndugu yangu wa Bukavu akikwambia sambaza ni samaki wa kwao, na mtu wa Baraka akisema lumbu ni wa kwao, wote wanazungumza juu ya samaki mmoja, na hakuna anayedanganya.

Mwaka 1967 na 1968 lumbu huyohuyo alisafirishwa tena, mara hii mpaka Ziwa Kariba, lile la bwawa kati ya Zambia na Zimbabwe. Zambia wanamwita kapenta, Zimbabwe utasikia pia matemba. Kutoka Kariba akapita mwenyewe ndani ya mitambo ya umeme, akafuata mto Zambezi, akaingia ziwa la Cahora Bassa nchini Msumbiji akazaana huko. Hakuna aliyempeleka. Hapa kambini, ambapo kutoka getini ni mpaka uwe na kibali, nilisoma habari hiyo mara mbili.

Na mara nyingine jina ndilo linalosafiri, samaki anabaki. Dagaa wa Mwanza, wale wanaotoka Ziwa Viktoria, siyo ndugu wa ndagala hata kidogo. Ni samaki wa jamii nyingine kabisa, Kenya wanamwita omena, Uganda mukene. Tanzania imewapa wote jina moja kwa sababu wote ni wadogo, wanavuliwa kwa taa, wanakaushwa na kuuzwa kwa kopo. Sokoni ukimuuliza mama muuzaji, anakujibu bila kufikiri: "Unataka wa Kigoma au wa Mwanza?" Bei si moja, na mama anayepikia wageni anajua achague yupi.

Nimeandika haya pia kwa ajili ya ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika, maana jina la samaki linaweza kuharibu hesabu. Niliwahi kumfuata kijana mmoja aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba na fomu ya chakula. Alimuuliza mama mmoja, "Katika siku saba zilizopita, mmekula samaki?" Mama akajibu, "Hapana, ndagala tu." Kijana akaweka alama ya hapana, akaendelea na swali la maharage. Nilikuwa nimesimama pale. Kwa mama yule samaki ni yule mkubwa unayemkata vipande, sangala au mgebuka. Ndagala ni ndagala. Hata Watanzania wengi wako hivyo, atakwambia leo hatuna samaki tuna dagaa. Na huyu mdogo analiwa mzima, kichwa na mifupa, ndiyo maana anampa mtoto madini ya mifupa kuliko kipande kizuri cha mnofu. Kwenye fomu ile watoto wa mama yule hawakula samaki wiki nzima. Ukweli walikula mara tatu. Anayetunga maswali akiongeza maneno mawili tu, "pamoja na ndagala, dagaa," karatasi yake itasema kweli zaidi.

Jambo moja limebaki. Tanzania neno dagaa lina maana nyingine, mtu mdogo asiye na nguvu. Kesi ya rushwa ikitokea utasikia watu wanalalamika kwamba wamekamatwa dagaa na mapapa wameachwa. (Papa yule wa baharini mwenye meno, siyo papa wangu wa Ubwari.) Vijana wetu wanalijua neno hilo, wanajiita hivyo wenyewe: "Kaka, sisi ni dagaa tu, nani atatusikiliza." Nilimpelekea mzee maneno hayo nikidhani atasikitika. Akatikisa kichwa.

"Banasema hivyo kwa sababu habajaona ziwa," alisema. "Ile mugebuka, ile sangala, zinakula nini? Ndagala. Ndagala ikikosa mwaka moja, samaki kubwa zote zinakosa, na watu banakosa. Sisi tulikuwa tunaamuka usiku kwa sababu ya nani?"

Hayo nayo ni kweli ya vitabu. Mgebuka na sangala wanaishi kwa kumla ndagala. Ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofika mita 1,470, nchi nne pembeni yake, na katikati chakula cha wakubwa ni huyu wa sentimita 10.

Nilimrudishia yule msichana ukurasa wake wa kwanza, ule wenye wekundu wangu. Mbele ya wenzake nikasema, hapa niliyekosea ni mimi. Nikachora ubaoni: indagara, ndagala, dagara, dagaa. Nikachora inzara, nzala, njala, njaa. Watoto wa Kirundi ndio walioruka kwanza, walikuwa hawajawahi kuona neno la kwao kwenye ubao wa Kiswahili. Mvulana mmoja akaongeza mwenyewe inzira na njia. Tulikaa mpaka wenye darasa wakatufukuza.

Msichana akaniuliza swali la maana. "Sasa kaka, kwenye mtihani nitaandika gani?"

Nikamwambia ukweli. Kwenye mtihani andika dagaa, andika njaa, mwenye kusahihisha hatakuwa na muda wa kusikiliza historia. Lakini mama yako akifungua mdomo ndani ya hadithi yako, usimsahihishe. Alikwenda akaandika mara ya tatu. Sasa kwenye ukurasa wake muuzaji wa sokoni anasema dagaa, na mama yake, akiwa amepiga magoti mbele ya mafiga, anasema ndagala. Ndivyo ilivyokuwa siku ile, aliniambia.

Kalamu nyekundu bado ninayo, kazi yangu inaitaka. Ila siku hizi nikikutana na L mahali nisipoitegemea, kwanza nauliza kwao mtoto wanasemaje. Na ninyi wasomaji, ikiwa kwa lugha ya kwenu huyu samaki ana jina ambalo sikulitaja, Kifuliru, Kibembe, Kiha, Kitabwa, Kiluba, mwulizeni mzee wa nyumbani na mniletee Jumamosi. Nataka kuyaandika yote ukutani.